Juu na Chini ya Barua

Tuseme ukweli mapema tusije tukalaumiana huko mbele: siku ile mjinga alikuwa yeye. Hakutumwa na mtu, hakusingiziwa. Alijipikia mwenyewe, akajipakulia, akala mpaka akalamba sahani. Hata leo ukimgusia habari za siku ile, Fundi Vioo hujikuna shingo na kusema, "Mjinga nilikuwa mimi, lete swali lingine."

Asubuhi ilimkuta amekaa mezani na barua tatu amezipanga mbele yake kama mtu anayecheza karata peke yake. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa amesimama anakunywa chai ya haraka, mkoba umeshaning'inia begani.

"Bado unazitazama tu?" dada akauliza.

"Nazitazama."

"Zimebadilika?"

"Hazijabadilika. Ndiyo shida."

Barua zilitoka kwa mpenzi wake, na mpenzi wake alikuwa fundi wa simu. Kwa kazi yake alishafungua simu za watu wengi mno, akaona yanayokaa humo, akaapa kwamba ya moyoni mwake hayataingia kwenye kidude kinachotengenezwa na mtu mwingine. "Leo unamwandikia mpenzi wako," alimwambia Fundi Vioo mwanzoni kabisa, "kesho simu iko kwa fundi, kesho kutwa fundi anamsimulia mkewe. Mimi niandikie kwenye karatasi." Basi wakaandikiana. Wakaandikiana mwaka mzima, watu wazima wawili wanaoishi mji mmoja. Posta yao ilikuwa huyu huyu dada, karani wa masjala ya hospitali, ambaye kila asubuhi alipita mbele ya duka la fundi simu akienda kazini.

Na kila barua ya mwanamke yule ilikuwa inamalizikia pale pale: *Wako, na nisipokuwa wako sijui ni wa nani.* Fundi Vioo aliwahi kuyasoma maneno hayo akiwa amesimama kazini, akajikata kidole na kioo cha kabati, na damu ikamtoka huku anacheka.

Sasa barua tatu mfululizo *wako* haimo. Chini kabisa, kwa mwandiko ule ule wa herufi zilizoinama kidogo kama zinasikiliza, kulikuwa na maneno mengine: *Uwe mikononi mwa Mungu.*

"Tangu lini amekuwa mcha Mungu kiasi hiki?" dada akauliza.

"Huwa anasali."

"Kusali wote tunasali. Nauliza tangu lini anakusalia wewe badala ya kukupenda." Dada aliweka kikombe chini. "Na hayo maneno umesema umeyaona wapi?"

Hapo ndipo mwiba ulipokuwa. Fundi simu hakukaa peke yake dukani. Meza ya pili ilikuwa ya fundi redio, bwana mmoja mpole, shati limenyooka saa zote, sauti ya chini, mtu ambaye hata akikanyagwa anaomba radhi yeye. Kila redio aliyoitengeneza aliifunga kikaratasi kwa uzi, na kila kikaratasi kiliandikwa kwa mkono: *Imepona. Iwe mikononi mwa Mungu.*

"Yameandikwa kwenye redio," Fundi Vioo akasema taratibu.

"Basi kilichobaki ni kukufunga uzi." Dada alikuwa hacheki. "Mdogo wangu, mwanamke haazimi maneno ya mwanaume bure. Na humo ndani anasema nini?"

"Mambo ya kawaida. Barua ya kwanza kaniuliza wajomba zangu wako wangapi. Ya pili kaniuliza kama baba mkubwa anaweza kusafiri na mgongo wake ule. Hii ya tatu anauliza Jumamosi zipi huwa sifanyi kazi."

"Unaona? Anachunguza ukoo apate dosari ya kukuachia. Halafu anataka kujua Jumamosi unakuwa wapi, asije akakutana nawe akiwa na mtu wake." Dada alisema hayo kwa uhakika wa mtu ambaye aliolewa, akaachwa, na tangu hapo hakuna mlango anaougonga bila kuchungulia kwanza. "Mjibu. Na wewe mmalizie kwa Mungu, tuone nani ana Mungu zaidi."

Wakaanza kutafuta maneno. Fundi Vioo alipendekeza *Mungu akubariki*. Dada akasema hiyo ni ya kumshukuru mtu aliyekupisha kiti. *Amani ya Mungu iwe nawe*. Hiyo dada akasema ni ya kufungia mkutano. *Tutaonana Mungu akipenda*. Hiyo Fundi Vioo mwenyewe aliifuta, kwa sababu alishaanza kuogopa huenda Mungu asipende.

"Ofisini kwetu tuna moja," dada akasema. "Tunaiandika kila wiki. Ina uzito."

Fundi Vioo akaisikiliza, ikamkaa. Akaona ndiyo mtego wenyewe. Mtu asiye na hatia ataisoma na kuuliza, kwani kumetokea nini? Mwenye hatia atajua kwamba amejulikana, na atanyamaza. Akachukua karatasi safi, juu akaandika *Kwako, na kwa wote hapo nyumbani*, katikati akaweka mistari miwili ya baridi, na chini, kwa mwandiko wa kutulia, akaandika: *Mungu awape moyo wa kuvumilia yaliyotokea.*

Dada akaitia bahasha kwenye mkoba, akaondoka na uso wa mtu aliyebeba kesi.

Kazini hakuna kilichokwenda. Alipima kioo cha meza ya kujipambia mara tatu na kukikata mara moja, tena vibaya. Mteja alikuja kuchukua fremu ya picha ya harusi; Fundi Vioo akaitazama ile picha kwa muda mrefu mpaka mteja akaanza kuitazama na yeye, labda kuna kitu alikuwa hajakiona. Kila mtu aliyepita barabarani na kwenda upande wa duka la simu alionekana anakwenda kumsalimia yule mwanamke. Adhuhuri ikapita. Saa nane akafunga banda, penseli ikiwa bado sikioni, akaenda kujionea.

Duka la simu lilikuwa limefungwa. Si meza moja, zote mbili. Mlangoni kulibandikwa karatasi, mwandiko wa fundi redio: *Tumefunga kwa dharura. Wateja wetu wawe mikononi mwa Mungu.*

Tumefunga. Wateja wetu. Fundi Vioo aliisoma karatasi ile kama hati ya ndoa.

Kwenda nyumbani kwa mwanamke hakukuwa na ruhusa. Mama yake, mwalimu mstaafu aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa ule, hakuwahi kumkaribisha ndani. Walikutana mara mbili tu barabarani, na mara zote mbili mama alimtazama kama anayetafuta kosa la tahajia. Lakini mwenye wivu hana adabu. Miguu ilishafika kabla kichwa hakijakubali.

Akakuta viti nje. Vya plastiki, vya mbao, hata makochi ya sebuleni yametolewa na kupangwa mstari uwanjani. Wanawake wamejifunga kanga, wamekaa wanaongea kwa sauti za chini. Na katikati ya uwanja, katika shati jeupe lililonyooka, fundi redio anabeba benchi kichwani kama mtoto wa nyumba ile.

Alivyoona yeye, hiyo ilikuwa posa. Mtu akipangiwa viti hivyo nyumbani kwa mwanamke, na shati jeupe namna ile, na siku ya kazi duka limefungwa, ni nini kingine? Akaenda moja kwa moja, akampa fundi redio mkono.

"Hongera," akasema.

Fundi redio akatua benchi. "Hongera ya nini, ndugu yangu?"

"Usijifanye mnyonge. Mwanaume ukishinda, pokea hongera."

"Ndugu yangu," yule bwana akasema kwa ile sauti yake ya chini, "hapa tuna msiba."

Fundi Vioo hakumwachia mkono, aliusahau humo. "Msiba wa nani?"

"Mama mdogo wa fundi mwenzangu. Yule aliyelazwa kwa ajili ya jicho. Taarifa imekuja asubuhi. Binti mwenyewe amekimbilia hospitali, mpaka sasa hajarudi."

Sasa muone mtu anavyoshuka. Wivu ulimtoka wote kwa mara moja, akabaki na aibu tupu. Alimfahamu huyo mama mdogo kwa barua tu: mcheshi, mwenye maneno, ambaye simu yake mbovu ilikuwa juu ya meza ya mpwa wake wiki nzima inangoja kioo. Akawaza macho ya yule mwanamke, yale yanayocheka kabla ya mdomo, akayaona yamevimba kwa kulia, na yeye siku hiyo hiyo amemwandikia barua ya kumtega. Akaingia ndani kutoa pole.

Mama mtu alikuwa ameketi chini na wanawake wanne. Alipomwona alinyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza hakumtazama kama kosa.

"Karibu, baba," akasema. "Nilikuwa sikujui. Hospitali yenyewe haijatuletea neno, wewe ndiye uliyetujulisha kwa ustaarabu. Barua yako ndiyo imetufanya tujue."

"Barua yangu, mama?"

"Dada yako aliniletea hapa asubuhi, duka lilikuwa halijafunguliwa. Yeye si ndiye karani kule? Alinipa bahasha hata usoni hanitazami. Nikajua ana zito moyoni." Mama akaitoa karatasi kifuani. Katikati ilikuwa imekunjwa vizuri, imefichwa. Yalionekana maneno ya juu na ya chini tu. "Mimi husoma juu na chini. Katikati ni mambo yenu. *Kwako, na kwa wote hapo nyumbani. Mungu awape moyo wa kuvumilia yaliyotokea.* Na huko tunaye mtu mmoja tu."

Wanawake wanne walitikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja akasema kijana kaandika vizuri.

Fundi Vioo angeweza kunyamaza. Nyuma yake palikuwa na mlango, na hapo mbele mama huyu alikuwa amemshika mkono kwa upendo ambao hakuwahi kuuonja. Akiusema ukweli, upendo huo unakwisha, na binti anaondoka nao.

"Mama," akasema, "mimi sijasikia kwamba mama mdogo amefariki."

"Umesemaje?"

"Sina habari ya kifo. Barua ile haikuwa ya msiba. Nilikuwa... nilikuwa nimekasirika."

Mama alimtazama kama mwalimu aliyegeuka kutoka ubaoni. Mama akaurudisha mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja.

Na hapo hapo, uwanjani, wanawake wakaanza kuguna, na binti mwenyewe akaingia. Vumbi mpaka magotini, ndala moja imekatika ameishika mkononi, na macho yake ni yale yale aliyoyawaza Fundi Vioo, isipokuwa hayakuwa na chozi hata moja. Chozi lilishaisha. Kilichobaki kilikuwa kitu kingine.

"Mama mdogo mzima," akasema. "Nimemkuta amekaa kitandani, jicho moja limefungwa, anakula mkate. Kaniuliza nani amenipiga."

Mama mtu akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Haikujulikana analia au anafanya nini. Wanawake wanne waliinuka mmoja mmoja, kwa heshima, kwenda kutangaza nje. Fundi redio akasikika uwanjani akisema Mungu ni mwema, kisha benchi likaanza kurudi lilikotoka.

Wakabaki watatu. Mwanamke hakukaa.

"Nimekaa getini kwa muda wa saa tano," akamwambia Fundi Vioo. "Mlinzi hafungui mpaka wakati wa kuona wagonjwa. Nikamfuata dada yako dirishani kwake. Nikamwambia, wifi, ni kweli? Unajua alinijibu nini? 'Kweli wewe ndiye unayeijua.' Akafunga dirisha. Nikarudi getini nikalia na watu nisiowajua."

"Nisamehe."

"Sijafika huko. Nani alikufa uliponiandikia vile?"

Fundi Vioo akamtazama, akatazama chini, na kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuharibu, akasema yote. "Niliona *wako* imeondoka. Nikaona maneno ya fundi redio yamekaa mahali pake. Nikasema nimeshaachwa, ila bado sijaambiwa."

"Fundi redio."

"Ndiyo."

"Yule anayempigia mkewe simu mara nne kwa siku kumuuliza kama amekula." Alisema bila kucheka. "Mama, mwambie nani aliiondoa *wako*."

Mama alishusha kanga. Uso ulikuwa mkavu kabisa. "Mimi. Wiki tatu zilizopita niliikuta barua mezani, nikasoma juu na chini. Nikamuuliza, 'Wako' wa nani? Nani alikuja hapa kukuomba, nikasahau? Nikamwambia mtu ambaye hajajitambulisha kwenu unamkabidhi kwa Mungu, hujikabidhi wewe kwake. Tangu siku hiyo hakuna barua inayotoka au kuingia bila mimi kuona juu na chini yake."

"Nikakaa dukani na kalamu," mwanamke akaendelea, "neno la Mungu la kumalizia sina. Nikajaribu, kila nikiliandika naona si mimi. Nikainua macho, mbele yangu redio tano zimefungwa vikaratasi. Nikanakili. Basi. Hayo ndiyo mapenzi yangu na fundi redio."

"Ungeniambia."

"Sikukuambia?" Akasogea hatua moja, na Fundi Vioo, pamoja na aibu yote, akagundua kwamba alikuwa hajasimama karibu naye hivi kwa wiki nzima, na kwamba harufu ya risasi ya kuchomelea simu ilikuwa bado vidoleni mwake. "Nilikuuliza wajomba zako wako wangapi. Nikakuuliza kama baba mkubwa anaweza kusafiri. Nikakuuliza Jumamosi ipi una nafasi. Ulidhani nahesabu watu wa nchi nzima?"

Yalimwingia moja baada ya jingine, kama maji kwenye kiatu: wazee, safari, Jumamosi ya posa.

"Dada alisema unatafuta dosari," akasema hatimaye, na alipojisikia akatamani arudishe maneno.

"Dada yako nitamwona kivyake. Wewe nakuuliza: mwaka mzima nimekuandikia, na siku moja mstari wa mwisho ulipobadilika, ukanitegea mtego. Hukuja kuniuliza. Dukani kwangu mlango huwa wazi tangu asubuhi."

"Niliogopa jibu."

Hilo, pengine, lilikuwa neno la kwanza la akili alilotoa siku nzima, na lilimfanya mwanamke ashushe mkono wenye ndala. Macho yao yakakutana, yakakaa. Mama mtu, aliyekuwa akiwatazama wote wawili kwa zamu, akakohoa.

"Mimi bado simwamini," akasema, kama vile Fundi Vioo hayupo. "Mwanaume wa mwaka mzima wa karatasi. Viti vyangu vimetoka nje leo kwa ajili yake, na sijaona hata ndugu yake mmoja akivikalia."

"Mama, nia yangu ni safi," Fundi Vioo akasema.

"Iko wapi? Nioneshe nami niisome."

Fundi Vioo akamgeukia mpenzi wake, na kwa sababu mtu akibanwa sana hukimbilia kubishana hata na ukuta, akajaribu kujitetea mara ya mwisho. "Sasa na mimi nifanye nini? *Wako* mama hataki. *Mikononi mwa Mungu* kila nikiisoma namwona fundi redio. Ya moyo wa kuvumilia ndiyo hiyo imejaza watu uwanjani. Neno gani la Mungu limebaki, niandike nini mwisho wa barua yangu?"

Mwanamke aliitupa ile ndala iliyokatika mlangoni, akasimama na mguu mmoja peku.

"Andika saa ngapi mtafika."